Msaragambo wa Siku ya Tisa

Siku ya tisa ya mvua, namba ilikuwa sabini na moja. Siku ya nane ilikuwa sabini na moja. Siku ya tano, sabini na moja. Mimi si mtaalamu, nilipewa kiti cha mlinzi wa mlima kwa sababu najua kusoma na sichoki kukaa, lakini hata mbuzi angejua kwamba mlima ulionyeshewa siku tisa hauwezi kubaki vilevile. Nikavaa buti, nikachukua mwavuli ambao haukunisaidia chochote, nikapanda kwenda ndiva ya juu.

Njiani nilipishana na watu waliokuwa wakiangalia bangili zao kabla ya kuangalia anga. Ndivyo tulivyokuwa Ikonja tangu Msikizi, mtambo unaopima mlima na kutuma namba moja kwa moja kwenye bangili zetu, azikwe mlimani miaka kumi na miwili iliyopita. Bangili ikiwa ya kijani, watu wanaoa. Ikiwa ya njano, wanaoa haraka haraka. Ikifika themanini inageuka nyekundu, king'ora kinalia chenyewe, na mji mzima unavuka daraja kwenda ng'ambo ya mto, kwenye mwamba. Themanini hatukuwa tumewahi kuiona.

Ndivani nilimkuta Mama Elinami akizibua mfereji wa kupunguzia maji, amevaa koti la marehemu mumewe. Yeye ndiye mwenyekiti wa ndiva zetu mbili, hii ya juu na ile ya Mwambani, yale mabwawa ya kienyeji tunayojaza usiku na kufungulia asubuhi, kila shamba kwa zamu yake. Hakuna mtu Ikonja anayepata tone la maji bila idhini yake, na hakuna anayethubutu kubishana naye.

Nyuma yake, juu kidogo ya ukingo wa ndiva, kulikuwa na ufa. Niliingiza ngumi, ikaingia. Nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko.

"Huu umeanza lini?"

"Juzi," akasema. "Nilitaka niite watu tuuzibe mvua ikikatika."

Kabla sijamjibu nikaona vile vichwa vya buluu. Vilikuwa vimejipanga ukingoni mwa tuta, kimoja baada ya kingine, hatua moja moja, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Zilikuwa nyuzi za Msikizi. Mafundi walipokuja kuzizika walitoboa mlima mita tatu kwenda chini, mpaka pale udongo wa juu unapokutana na mfinyanzi unaoteleza, wakatawanya nyuzi za kioo mia nne na kumi na mbili kwenye mteremko wote. Uzi unahisi maji yanavyosukumana na chembe za udongo. Maji yakizidi, chembe zinaachana, na udongo ukiachana mlima unashuka. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na hauwezi kuifanya ukiwa umekaa juu juu kwenye tuta.

"Mama Elinami, hizi nyuzi zimefikaje hapa?"

"Tulizing'oa kiangazi, kwenye msaragambo wa kupanua ndiva, mji mzima na majembe." Alisema kwa fahari, masikini. "Zilikuwa zimekaa ovyo ovyo, moja huku, nyingine kule, kama mtu aliyemwaga mahindi. Tukazipanda vizuri kwa kamba. Kila moja tukaiwekea samadi kidogo."

"Samadi?"

"Si zinaishi kwenye udongo?"

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikaishia kumfokea. Nyuzi mia moja na tisa, zile za ubavu mzima ulio juu ya Mtaa wa Juu, ambazo ndizo zinazotoa namba yetu, zilikuwa zimepandwa kama tangawizi kwenye tuta lililochimbwa makusudi ili maji yasituame. Kwa miezi minne Msikizi alikuwa anasikiliza shamba letu na kutuambia mlima hauna neno. Watu wengine wangezitupa, na zikitupwa Msikizi angejua zimekufa. Wangeziiba, angejua zimeibwa. Sisi tulizitunza.

"Tuliandika barua Kituo cha Kanda kuuliza," Mama Elinami akasema, sauti imeshuka. "Hakuna aliyejibu."

Hilo nililiamini mara moja.

*

Mratibu wa zamu pale Kanda alikuwa kijana mmoja anaitwa Kasembe. Alitokea kwenye kioo cha ofisi yangu akiwa na kikombe mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyuzi mia moja na tisa haziko mahali pake. Mlima una ufa wa kuingiza mkono. Fungua king'ora."

Akatazama pembeni, kwenye kioo chake kingine. "Msikizi anaonyesha nyuzi zote ziko hai, mama."

"Ziko hai, ndiyo. Zimewekewa na mbolea."

Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza kwa adabu, na adabu yake ilinipandisha hasira kuliko tusi. Akanikumbusha sheria, kana kwamba mimi nilikuwa nje ya nchi ilipotungwa. Mwaka wa nne wa Msikizi, mlinzi aliyenitangulia alibonyeza king'ora kwa mkono wake, kwa wasiwasi wake mwenyewe. Mji ulikimbilia darajani na magodoro na mbuzi. Daraja letu ni la waya, linapitisha watu wawili wawili. Walikufa tisa kwa kukanyagana, na mlima haukutikisika hata jiwe. Baada ya hapo swichi ya binadamu iling'olewa. King'ora kinamsikia Msikizi peke yake.

"Kwa hiyo namba ni namba, mama. Mimi nikifungua nje ya namba nafungwa, na wewe ukishawishi unafungwa. Jaza fomu ya hitilafu, mafundi watakuja Alhamisi barabara ikipitika."

"Haitapitika. Mvua inanyesha."

"Ndiyo maana nimesema ikipitika."

Nilitamani kuingiza mkono kwenye kile kioo nimnase kibao. Badala yake nikajaza fomu, kwa kuwa mkono uliozoea fomu hujaza fomu. Kisha nikampigia mwanangu.

Namsifu alikuwa amejifungua siku kumi na mbili zilizopita, mtoto wa kike, mjukuu wangu wa kwanza. Alikuwa ndani, Mtaa wa Juu, nyumba ya sita kutoka chini, anakunywa uji na kufuata miiko yote ya mama mkwe wake ambaye hata hakuwepo, alikuwa Same kwenye matibabu.

"Mfunge mtoto vizuri, vuka mto," nikamwambia.

"Mama, na mvua hii? Siku kumi na mbili tu. Mtoto atashika nimonia."

"Mlima una ufa, Namsifu."

Nilijua anaangalia bangili.

"Mama, sabini na moja. Ikifika themanini nitatoka, nakuahidi."

"Haitafika themanini! Namba ni ya uongo!"

"Kazi yako mwenyewe, mama, ndiyo unaiita uongo?" akasema kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Simu ikakatika. Mtandao wetu hukatika mvua ikizidi, na tangu hapo haukurudi. Nikabaki na simu mkononi, nimemlea huyu mtoto miaka ishirini na mitano na anamwamini Msikizi kuliko mimi.

*

Wazo la pembe lilikuwa la Mama Elinami. Napenda ijulikane hivyo, si kwa kumlaumu, bali kwa sababu lilikuwa wazo zuri.

Alinifuata ofisini akiwa amelowa mpaka kwenye mifupa. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa ameshaelewa ni mikono ya nani iliyong'oa nyuzi.

"Ukitangaza hatari bila king'ora hawatatoka," akasema. "Wakitoka watakimbia, na wakikimbia watauana darajani. Lakini watu hawakimbii kwenda kazini. Nikipiga pembe mara tatu, ni msaragambo wa Mwambani. Watavuka mto wananung'unika, wawili wawili, kila mtu na jembe lake. Asiyekuja anatoa mbuzi, wanalijua hilo."

"Utawadanganya kwa pembe? Haitaaminika tena."

"Isiaminike."

Nikaona kasoro, na nikaona na yeye ameiona. Msaragambo unaita wenye nguvu. Wazee hawaji, wagonjwa hawaji, mzazi aliye ndani haji, watoto wadogo wanaachwa na bibi zao. Pembe ingeutoa mji na kuwaacha wale wasioweza kutembea.

"Wazima wakishavuka wote," akasema, "nachagua vijana ishirini wasio na papara. Tunawaambia hao tu ukweli. Wanarudi na machela, nyumba kwa nyumba kuanzia ya chini, bila kelele. Daraja litakuwa tupu."

"Mama yako je?"

Bibi Ndekirwa, mama yake Mama Elinami, alikuwa na miaka themanini na saba na miguu iliyokwisha kazi. Nyumba yao ilikuwa ya tano. Kwa Namsifu ilikuwa ya sita.

"Nikimbeba sasa, mtaa mzima utaniona na kuuliza. Watajaa darajani kabla sijafika. Atasubiri zamu yake." Akanikazia macho. "Na wako hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo."

"Sema, Mama Namsifu."

"Namsifu atasubiri zamu yake."

Tukapeana mikono. Wake ulikuwa wa baridi na umejaa tope. Nilimaanisha nilichosema, pale ofisini, nikiwa nimekaa, nilikimaanisha kabisa.

*

Pembe ililia saa nne na robo. Sauti yake ni nzito, haina haraka, na ilipita juu ya mvua bila shida. Mimi nilisimama kichwani mwa daraja na daftari la mahudhurio, nikijifanya mtu wa daftari.

Na kweli walikuja. Wapare tunaweza kubishana na serikali, na kanisa, na mvua yenyewe, lakini pembe ikilia unatafuta jembe. Walikuja na makoti ya plastiki na mifuko ya mbolea vichwani, wanaume, wanawake, wasichana wa sekondari, wamebeba sufuria za makande zimefungwa vitambaa. Walinung'unika mno. Mama Elinami amechanganyikiwa, ndiva imejaa pomoni, tunakwenda kuchimba nini, samaki? Mmoja akaniuliza kama mbuzi wa faini anaweza kuwa mdogo. Wakavuka wawili wawili, daraja likiyumba taratibu chini yao. Nilikuwa naandika majina na kutazama mlima kwa jicho moja.

Kufikia saa tano kasorobo walikuwa wamevuka mia mbili na zaidi, na wengine walikuwa bado wanateremka. Mto chini yetu ulikuwa umejaa, wa kahawia, unavuma.

Mbazi alikuja wakati huohuo, katikati ya hao. Ni mkwe wangu, fundi wa paa, kijana mkimya ambaye hajawahi kunijibu vibaya tangu atoe mahari. Alisimama mbele yangu na jembe begani.

"Mama, ndiva ya Mwambani imejaa. Hakuna kazi kule." Akanitazama vizuri. "Mama, ni mlima?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelipanga tangu ofisini: vuka, mwanangu, utaambiwa. Watu kumi na tano hivi walikuwa nyuma yake. Nilimwona mjukuu wangu jinsi anavyolala amekunja ngumi. Wanaosema damu ni nzito kuliko maji hawakuwahi kuulizwa swali na mtu aliyebeba jembe, lakini hawakosei.

Nikamvuta pembeni kama ninayemrekebishia koti.

"Weka jembe. Pita nyuma ya mashine ya kusaga. Wachukue uwalete huku. Usisimame popote, usimwambie mtu yeyote. Umenisikia? Mtu yeyote."

"Nimesikia, mama."

Akaondoka. Nikarudi kwenye daftari na nikaandika jina lake kwamba amevuka. Hata hilo nilifanya.

*

Wa mwisho alivuka saa tano na dakika kumi. Nikavuka nyuma yake. Mama Elinami alikuwa amewapanga watu kwenye ukingo wa ndiva na kuwapa mfereji wa kuchimba, na walikuwa wanachimba, huku wakimcheka. Watu mia tatu na nne. Kando yake walisimama vijana ishirini aliokwisha kuwateua, bado hawajui kwa nini, wameshika mafungu ya miti na blanketi za machela.

"Sasa," akaniambia. "Niwaambie."

Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Hapo ndipo niligundua kwamba nasikia watu wanaongea. Nilikuwa nawasikia vizuri mno. Nikageuka kutazama chini, na mto haukuwa unavuma tena. Maji yalikuwa yamepungua mpaka mawe yanaonekana, na kile kilichobaki kilikuwa kizito kama uji wa ulezi. Mvua ilikuwa ileile. Mto ukikauka katikati ya mvua maana yake udongo umeshaanza kushuka huko juu na kuziba njia ya maji. Hayo hata Msikizi hakuhitajika kunifundisha.

"Bado," nikasema.

"Bado nini?"

"Mto umesimama. Ni dakika tu. Ukiwatuma hawa ishirini, watakuwa ndani ya nyumba mlima ukija."

Alitazama mto, na nikaona ameelewa, kwa sababu ameishi na maji maisha yake yote. Kisha akatazama ng'ambo, nyumba ya tano kutoka chini. Paa lake lilionekana. Alikuwa na haki ya kunisukuma na kupiga kelele. Kijana mmoja akauliza, "Mama mwenyekiti, twende wapi na hizi machela?" Mama Elinami akafumba macho.

"Ziwekeni chini," akasema. "Kachimbeni."

Ilikuwa hesabu sahihi. Nimeirudia mara nyingi na kila mara inatoka sahihi. Dakika ishirini na tano kabla, hesabu ingekuwa nyingine: vijana wangekwenda na kurudi na machela mbili tatu, pengine tano. Lakini dakika ishirini na tano kabla mimi nilikuwa namrekebishia mtu koti.

Mbazi alitokea darajani anakimbia, amembeba mtoto kifuani ndani ya koti, na Namsifu nyuma yake amejifunga kanga tatu, miguu mitupu. Wachimbaji wengine waliwaona na kushangaa, mzazi huyu ametolewa nje kwa nini. Hao watatu walikuwa wamemaliza kupanda ngazi za mwamba waliposimama kuvuta pumzi.

Kisha Mtaa wa Juu ukatembea. Hapakuwa na mlipuko. Miti ilianza kwenda ikiwa imesimama wima, na nyumba zikaenda nazo kwa kitambo kidogo, zikiwa bado nyumba, na ndiva ya juu ikapasuka ukingo na kuteremka juu ya vyote. Sauti ilikuja baadaye, na ardhi ya mwamba ikatetemeka chini ya miguu yetu. Daraja likakatika kama uzi wa kushonea. Watu walitupa majembe. Wengine wakaanza kuteremka, na ilibidi vijana wale ishirini wawashike kwa nguvu, maana hapakuwa na mahali pa kuteremkia.

Na bangili zetu zote, mia tatu na kitu, zikageuka kijani. Namba ilikuwa sifuri. Nyuzi zilikuwa zimeng'oka na kuelea, hazisukumwi tena na chochote, na Msikizi akatutangazia kwamba sasa ni salama. Nilivua yangu nikaitupa nikalia kwa hasira mbele za watu.

Waliobaki ng'ambo tulikuja kuwahesabu sitini na wawili.

Mama Elinami hakulia. Alisimama kwa muda mrefu anatazama mahali palipokuwa na nyumba ya tano. Halafu akageuka, akamwona Namsifu ameketi juu ya jiwe anamnyonyesha mtoto, na Mbazi amewakinga mvua kwa koti. Akawaendea. Akavua kilemba chake, akawapa wamfunike mtoto miguu. Watu wakasogea kimya, kama watu wanavyosogea penye kitu cha faraja.

"Baba," akamwambia Mbazi, taratibu kabisa, "nani alikutuma urudi?"

Mbazi hakujua lolote kuhusu mikono tuliyopeana. Alinitazama kwa upendo ambao sijawahi kuustahili.

"Ni mama hapa. Mungu ambariki. Alinishika pale darajani akaniambia niwahi."

Wakanigeukia wote. Mama Elinami hakugeuka. Alikuwa bado anamtazama Mbazi.

"Ulipita mlangoni kwetu?"

"Nilipita." Akavuta koti limfunike mtoto vizuri. "Bibi alikuwa kibarazani kwenye kiti chake. Nikamwamkia, akaitikia. Akaniuliza mbona nakimbia na mvua yote hii."

"Ukamwambiaje?"

"Nilitaka kumwambia. Nilisimama kabisa, mama, hata aliponiona nimesimama alinyoosha mkono. Lakini mama hapa aliniambia nisimwambie mtu yeyote."

Ni kweli. Nilimwambia hivyo.